"Mwanafunzi mmoja tu!": Barua ya wazi kwa mnaopanga nauli, shule na barabara za Dodoma

Waheshimiwa,

Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo. Barua hii nawaandikia nyote kwa pamoja: mnaopanga nauli za daladala, mnaosajili shule, mnaogawa viwanja na mnaochonga barabara za Jiji la Dodoma. Sikutaka kumchagua mmoja. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri anapita mikononi mwenu wote kabla hajafika darasani, na kila mmoja wenu akiulizwa anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba kipande chake kiko sawa.

Mimi ni dereva wa bajaji, makazi yangu Nkuhungu. Kabla ya bajaji nilikuwa konda wa Hiace kwa miaka minne. Nina binti yuko kidato cha pili, shule ya kata. Kwa hiyo suala hili nimeliingia kwa milango mitatu: nimemfungia mwanafunzi mlango, nimembeba mwanafunzi kwa malipo, na nimekaa kibarazani kumsubiri mwanafunzi wangu mwenyewe mpaka saa moja na nusu usiku. Naomba nianze na lile la kufunga mlango, ndilo linalonisuta.

Konda wa asubuhi ana ufundi wake. Gari likikaribia kituo chenye sare nyingi, dereva hasimami kituoni. Anapitiliza hatua ishirini, thelathini. Wakubwa wanakimbia, watoto wenye mabegi mgongoni wanabaki nyuma. Mtu aliyekaa ndani anadhani breki zimechelewa kushika. Breki ni nzima. Mwanafunzi mwenye mbio akiwahi mlangoni, unanyanyua kidole: "Mwanafunzi mmoja tu!" Wamesimama kumi na wawili, unachukua mmoja, na huyo mmoja hakai. Akijisahau akakaa, unamwinua: "Denti, mpishe mama." Wakikuzidi nguvu unawaambia gari linageuza hapo mbele, haliendi mwisho. Wanashuka. Mkishaondoka, mnaenda mpaka mwisho wa ruti kama kawaida.

Siku moja nilisema hivyo hivyo, "linageuza," na mzee mmoja aliyekaa siti ya nyuma ya dereva akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, wewe shule ulikuwa unapelekwa na nani?" Nilijifanya nahesabu chenji. Nilisoma kijijini, shule ilikuwa ng'ambo ya shamba la mtama la babu. Sikuwahi kuhitaji gari. Lakini jibu hilo halikuwa la kumpa mzee wa watu mbele ya abiria.

Sasa niwape hesabu, maana bila hesabu mtaendelea kutuhubiria. Gari letu lilikuwa na siti 15. Nilipoanza ukonda mwaka 2015, mkubwa alilipa 400 na mwanafunzi 200. Gari likijaa wakubwa watupu, tripu moja ni 6,000. Likijaa wanafunzi watupu, ni 3,000. Mafuta ni yale yale, tairi ni zile zile, na jioni tajiri, yaani mwenye gari, haulizi ulimbeba nani, anauliza hesabu yake. Halafu mjue jambo moja kuhusu mji wetu: fedha ya daladala iko asubuhi. Unapata tripu mbili za kujaa kabla ya saa mbili, tatu kama Mungu amekukumbuka. Baada ya hapo wafanyakazi wako ofisini, unapiga debe stendi ya Sabasaba mpaka koo linakauka, gari linaondoka na vichwa vitano. Na zile tripu mbili za fedha ndiyo saa ileile ambayo watoto wanataka kwenda shule. Ukijaza wanafunzi asubuhi, siku imekwisha kabla haijaanza.

Sisemi haya kujitetea. Ninayasema kwa sababu nimechoka kusikia kwamba wanafunzi wanaachwa vituoni kwa sababu makonda wana roho mbaya. Roho mbaya zipo, nimefanya kazi na watu wenye nazo. Lakini roho mbaya haiwezi kuwashika makonda wote, vituo vyote, kila siku ya shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakiwemo waliookoka.

Angalieni na ilivyokwenda. Mei 2022 nauli ya mkubwa kwa njia fupi za mjini ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Mwanafunzi akabaki na 200 yake, na mara zote mbili tuliambiwa tufurahi kwamba mwanafunzi hajaguswa. Kwenye tangazo hakuguswa kweli. Kituoni aliguswa. Zamani zangu alikuwa nusu ya abiria, sasa ni theluthi. Ile Hiace ya siti 15 leo ikijaa wakubwa ni 9,000, ikijaa wanafunzi ni 3,000 ileile. Kila nauli inapopanda, mtoto anazidi kuwa hasara. Konda aliyekuwa anasema "mmoja tu" mwaka 2015 alikuwa anakwepa kupoteza 200 kwa kila siti. Wa leo anakwepa kupoteza 400.

Hapo ndipo penye shina la barua hii. Punguzo la mwanafunzi ni jema, mwenye mtoto kama mimi siwezi kulilaani. Kasoro yake ni kwamba aliyelitoa siye anayelilipa. Limetolewa kwa maandishi, linalipwa na dereva na konda wasio na mshahara, wanaoishi kwa kinachobaki baada ya hesabu. Na wao, kwa kuwa hawana pa kuitoa hiyo 400, wanaihamishia kwa mtoto mwenyewe. Mtoto anailipa kwa muda: saa nzima kituoni asubuhi, saa nzima na nusu jioni.

Mbona kwenye mbolea hamkufanya hivyo? Msimu wa 2022/23 mkulima wa Kongwa au Mpwapwa aliandikishwa, akapewa namba, akaenda dukani akanunua mfuko kwa bei ya ruzuku. Wakala hakuambiwa abebe tofauti na mfuko wake mwenyewe, maana kila mtu alijua angefanya nini: angesema mbolea imekwisha. Na mwaka huohuo wa 2022 mafuta yalipopanda sana, Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni kupunguza makali. Kwa hiyo nchi hii inajua ruzuku inavyokwenda. Kwa mwanafunzi peke yake ndiyo tumeamua kwamba ruzuku itatolewa na konda.

Binti yangu anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Wenyeji wa hapa mnajua, mwezi wa sita jua letu linachomoza karibu saa moja kasorobo na ule upepo wa baridi unapenya sweta. Anatembea gizani hadi barabarani, anasimama na wenzake. Akikosa gari la kwanza na la pili, anafika amechelewa, anachapwa. Nilikwenda shuleni kuongea na mwalimu wa zamu. Sikumlaumu sana, na yeye alikuwa amefika kwa bodaboda ya 2,000 na shati limejaa vumbi. Aliniambia, "Mzazi, nikiwasamehe wa daladala, na wa jirani wataanza kuchelewa." Ndivyo mtoto anavyolipa mara mbili kwa gari ambalo halikusimama.

Jioni ndiyo mbaya zaidi. Kuna siku alirudi saa kumi na moja, jua bado liko juu, nikashangaa. Nikamuuliza umepanda gari gani leo. Akasema, "Nimepewa lifti." Na nani? "Kaka mmoja wa boda, huwa anapita pale kituoni." Nilinyamaza kwanza. Mimi ni mtu wa vijiweni, najua maongezi ya vijiweni. Wengi wa vijana wale ni watoto wa watu, wanasaidia tu. Wapo wasiosaidia bure. Tangu 2016 sheria imesema anayempa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, na naiunga mkono kwa mikono yote. Ila sheria hiyo inasubiri mwisho wa barabara. Mwanzo wa barabara yupo konda aliyesema mmoja tu, na msichana wa miaka 15 ambaye amesimama tangu saa tisa na nusu, ana njaa, na pikipiki imepunguza mwendo mbele yake.

Tangu siku hiyo namfuata mwenyewe ninapoweza. Ninaposhindwa, nakaa kibarazani.

Mtaniuliza, si kuna magari ya shule? Yapo, nayapisha kila alfajiri, ya njano, yanapendeza. Shule ya kata haina hilo gari. Ni la shule binafsi, zile za mchepuo wa Kiingereza, na huko nako kuna kilio chake, nakijua kwa sababu wateja wangu wa mkataba wametokea huko.

Mama mmoja wa Ilazo alinionyesha karatasi ya malipo. Ada ni mambo yao na shule, sikuiangalia. Nilikwenda kwenye mstari wa usafiri: 700,000 kwa mwaka, kwa mtoto wa darasa la pili. Tukakaa kwenye bajaji tukapiga hesabu kwa simu. Mwaka wa masomo una siku 194. Inakuja kama 3,600 kwa siku, 1,800 kwenda na 1,800 kurudi. Hiyo ni nauli ya watu wazima watatu kwenye daladala, kwa mtoto mmoja ambaye miguu haifiki sakafuni. Na kwa fedha hiyo mtoto alikuwa anachukuliwa saa kumi na moja na dakika kumi, anazungushwa Kisasa, anapelekwa Nzuguni, anarudishwa, anashushwa shuleni saa moja na nusu. Kutoka kwao mpaka shuleni, kwa bajaji, ni dakika ishirini. Alikuwa anasinzia mpaka kipindi cha pili.

Alipouliza kwa nini 700,000, aliambiwa mafuta. Sawa, mafuta. Lakini bei kikomo ya mafuta inatangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ina miezi inapanda na miezi inashuka. Mama yule hajawahi kuona karatasi ya shule inayoshuka. Kipindi kingine gari liliharibika, wiki mbili wazazi wakajipeleka wenyewe, hakuna aliyerudishiwa hata mia.

Pamoja na hayo nitawatetea wenye shule kidogo, na wateja wangu wasinichukie. Gari la shule ni gari linalofanya kazi saa nne kwa siku. Asubuhi linakwenda kuchukua likiwa tupu, jioni linarudi likiwa tupu. Mchana kutwa limeegeshwa chini ya mti. Dereva analipwa, matroni analipwa, bima inalipwa, na vumbi letu linamaliza bushi na fani belti kama nini. Daladala inagawanya gharama hizo kwa tripu kumi na zaidi, gari la shule linazigawanya kwa mbili. Haliwezi kuwa rahisi. Kinachonishangaza ni kwamba kila shule inanunua la kwake. Alfajiri moja pale Kisasa nilihesabu magari matano ya shule tano tofauti yakipita mtaa mmoja ndani ya robo saa, mengine na watoto sita, mengine wanane. Madereva watano, matroni watano, matangi matano ya dizeli, na watoto ambao wangeenea kwenye Coaster mbili. Kila mzazi anailipia ile nafasi iliyo wazi. Hapo sijaona wizi, nimeona kila mtu na lwake.

Tena haja ya magari hayo imeongezwa na uamuzi wenu wenyewe, uamuzi mzuri. Machi 2023 mlizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Nilipiga makofi, mtoto wa miaka mitano alale kwao. Lakini mtoto aliyetolewa bwenini hakuacha shule. Aliingia barabarani, kila siku, mara mbili. Sikusikia mtu akiuliza ataipita vipi.

Na barabarani kunaua. Mei 2017 Karatu tulipoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, kwa gari moja, siku moja. Aprili 2024 Arusha gari la shule lilisombwa na maji asubuhi watoto wakiwa ndani. Baada ya kila msiba kunakuwa na ukaguzi, trafiki wanasimamisha kila gari la njano, wanagonga tairi, wanahesabu watoto. Wiki tatu. Halafu tunarudi tulikokuwa.

Nasema "tunarudi" na mimi nikiwemo. Leseni ya bajaji inasema abiria watatu. Mimi nilikuwa nabeba sita.

Ilianza na huyo mama wa Ilazo. Aliacha gari la shule, akaniomba nimpeleke mtoto wake kwa 50,000 kwa mwezi. Akamwambia jirani. Jirani akamwambia wa kanisani. Kufikia muhula wa pili nilikuwa na sita: watatu siti ya nyuma, wawili wamepakatwa, mmoja pembeni yangu kwenye kile kipande cha siti cha dereva. Wananiita anko. Ukiwahesabia watatu tu, ni 150,000 kwa mwezi, na hesabu ya tajiri ni 15,000 kila siku. Ili nibebe watatu kihalali ilibidi nitoze 100,000 kwa mtoto, na akina mama wale ndio hao waliokimbia bei. Sheria inaniambia watatu, pochi ya mama inaniambia sita. Nikaisikiliza pochi. Trafiki wakitusimamisha tunajua pa kupita, sitaandika hapa ni wapi.

Kifuku kilichopita, mwezi wa kwanza, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekata. Kuna korongo ninalolivuka kila siku, kiangazi ni mchanga mtupu, vijana wanachimba na kupakia kwenye malori. Nilifika nikakuta maji ya kifundo cha mguu, ya kahawia, yanakwenda taratibu. Nikaona yanavukika. Mnaoyajua makorongo ya Dodoma mnajua kosa langu: mvua ya kwetu hainyeshi pale unapoyaona maji, inanyesha huko juu milimani, na maji yanakuja baadaye kama yametumwa. Katikati injini ikazimika. Nikashuka kusukuma, maji yakawa ya goti. Nikawaangalia wale sita, wamekaa kimya kabisa, yule wa pembeni ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye dereva.

Wachimba mchanga watatu ndio waliotutoa. Waliwabeba watoto mabegani wawili wawili, kisha wakarudi kuivuta bajaji kwa kamba. Hakuna aliyeumia. Viatu viwili vilipotea na daftari moja la Hisabati. Niliwapa vijana wale elfu kumi, wakarudisha elfu tano, wakaniambia ninunue viatu. Shuleni tulifika saa tatu. Jioni nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi, mmoja mmoja, na sitaki kuirudia jioni hiyo.

Ndiyo maana naandika, na naandika kama mtu wa kuulizwa, siyo kama mtu wa kuuliza tu.

Ninachoomba hakina ukubwa wa barabara ya mzunguko. Ile kilomita 112 tunaishukuru, malori yatapita nje ya mji. Naomba siti ya mwanafunzi ilipwe. Mtoto aendelee kutoa 200 yake, na ile 400 ilipwe na aliyetangaza punguzo. Namna ya kuhesabu ipo. Kadi ya malipo ya N-Card tumeiona kivukoni Kigamboni na uwanjani kwenye mpira. Mwanafunzi apewe ya kwake, aigonge mlangoni, jioni konda aone kwenye simu kwamba siti kumi za wanafunzi zimeingia kwa bei kamili. Anzeni na njia mbili tu, za asubuhi na jioni, siku za shule peke yake, muone zinagharimu kiasi gani kabla hamjaniambia fedha haipo. Nawahakikishia jambo moja kwa uzoefu wangu wa mlangoni: siku mwanafunzi atakapolingana bei na mkubwa, konda atamfuata mpaka kwao. Mwanafunzi ni abiria mzuri sana. Hana mizigo, habishani chenji, anapanda na kushuka palepale kila siku.

Mkiweza hilo, mengi yatajinyoosha yenyewe. Mzazi wa Ilazo analipa 700,000 kwa sababu anaogopa kile kituo, na akina mama wananipa watoto sita kwa sababu hiyohiyo. Kituo kikiwa salama na gari likisimama, mtoto wa darasa la sita mpaka kidato cha nne atapanda daladala, na magari ya njano yatabaki kwa wadogo wanaoyahitaji kweli. Hao wenye shule waambieni wakae pamoja, zile zilizo njia moja zichangie gari, bei iandikwe kwa kilomita na ibandikwe ukutani kama nauli za stendi, na gari likilala wiki mbili mzazi arudishiwe. Mnaweza kuliweka hilo kwenye masharti ya usajili bila kujenga hata choo.

Kuna na jambo letu sisi wa vijiweni. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa wenye ulemavu, tumeishaiongelea kijiweni kwetu. Tuko tayari kujiunga kikundi, kununua Coaster iliyotumika na kuifanya ya wanafunzi tu, na matroni tumuajiri mmoja wa hao akina mama. Tulichokwama ni kwamba kwa nauli ya 200 hakuna mkopo unaolipika duniani. Tulipiga hesabu mara tatu, mara ya mwisho akapiga mwenzetu aliyesoma uhasibu UDOM akaishia kuendesha boda. Ilikataa.

Mnaogawa viwanja nanyi nawakumbusha kidogo. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa 2016, na tangu tuwe Jiji Aprili 2018, mji umekimbilia Iyumbu, Nala, Michese, Mtumba. Mtu anapewa kiwanja, anajenga, anahamia na watoto wanne, shule inakuja baadaye na daladala baadaye zaidi. Treni ya umeme inamtoa mtu Dar es Salaam mpaka hapa chini ya saa nne. Binti yangu kuna siku ametumia nusu ya muda huo kutoka shule hadi Nkuhungu.

Mwezi wa pili nilianza kubeba watatu. Niliwaambia wazazi mapema, nikapandisha kidogo kwa waliobaki, tofauti naitafuta mchana kwa abiria wa kawaida. Wale watatu wengine ilibidi watafute njia. Mmoja amerudi kwenye gari la shule, mama yake amekopa VIKOBA. Wa pili anapelekwa na bodaboda, mshikaki, yeye katikati na kaka yake nyuma.

Wa tatu ni mkubwa kidogo, yuko darasa la tano, ndiye aliyeshika usukani siku ile kwenye korongo. Sasa anapanda daladala. Namwona karibu kila asubuhi pale kituoni, mkono mmoja ameshika 200. Ananiona, ananyanyua mkono mwingine, anaita, "Anko!" Nina watatu nyuma. Napiga honi, napita.

Wenu,
Dereva wa bajaji na mzazi,
Nkuhungu, Dodoma